Sanamu kwenye ukuta wa nje wa kanisa la Methodisti Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa kamati za ujenzi, wachungaji, wazee wa kanisa na mafundi wanaotaka kuweka sanamu ya mtu wa imani nje ya jengo: juu ya mlango mkuu, kwenye mnara au kwenye ukuta unaotazama barabara. Vipimo vinahusu sanamu ya urefu wa mtu, yaani mita 1.8. Yenu ikizidi mita 2.5 au kilo 500, msifanye lolote bila mhandisi wa majengo aliyesajiliwa.

Wamethodisti tunaruhusiwa kuweka sanamu?

Ndiyo, ila si kwa kuiabudu. Katika Vifungu vya Imani ambavyo John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliwaandalia Wamethodisti wa Marekani mwaka 1784, kifungu cha 14 kinakataa kuabudu sanamu na masalia ya watakatifu. Kinachokataliwa ni ibada mbele ya sanamu, si kazi ya mchongaji. Wesley mwenyewe ana sanamu mbele ya kanisa lake la City Road, London, iliyochongwa na John Adams-Acton na kusimamishwa mwaka 1891. Huko Bristol yuko juu ya farasi nje ya jengo lake la kuhubiria, na mjini Savannah, Marekani, alisimamishwa kwenye uwanja wa wazi mwaka 1969.

Ukitazama mifano hiyo utaona mwelekeo wake: anayeonyeshwa ni mhubiri akiwa kazini. Kwa hiyo pandisheni sanamu juu ya kimo cha mkono, msiweke kinara cha mishumaa wala sehemu ya kupigia magoti chini yake, na andikeni kwenye muhtasari wa kikao kwamba ni ya mafundisho na kumbukumbu. Muhtasari huo utawasaidia siku muumini mmoja atakaposimama na Kutoka 20 mkononi. Lazima atasimama.

Achongwe nani?

Yesu Mchungaji Mwema ndiye rahisi kukubaliwa na wote. Yesu aliyefufuka, mikono wazi, ni mzuri kwa macho lakini mgumu kwa fundi, kwa sababu mikono iliyonyooshwa ndiyo hupasuka kwanza. Yesu msalabani ni nadra kwa Wamethodisti. Desturi ni msalaba mtupu.

Mkimchagua John Wesley (1703–1791), sahihisheni mavazi kabla ya udongo kukauka. Alikuwa kasisi wa Kianglikana mpaka kufa kwake: joho jeusi refu, vitambaa viwili vyeupe vinavyoning'inia chini ya kidevu, nywele ndefu hadi mabegani, Biblia mkononi. Hakuwa na ndevu. Alikuwa mtu mfupi pia, kwa hiyo msimpe mabega ya mbeba mizigo wa Kariakoo. Mafundi wengi wakiambiwa "mtumishi wa zamani" humpa ndevu bila kuuliza, basi wapeni picha za mbele, ubavuni na nyuma.

Kuhusu alama ya msalaba na mwali wa moto: ni ya Kanisa la United Methodist, inatumika tangu muungano uliounda kanisa hilo mwaka 1968 na imesajiliwa kama alama ya biashara. Kama kanisa lenu ni la tawi jingine la Kimethodisti, msiichonge kwenye kitako.

Sanamu ya kusimama au mchongo wa ukutani?

Kama ukuta wenu ni wa tofali za inchi 6 na hakuna nguzo wala lenta mahali mnapotaka kuweka, chagueni mchongo wa ukutani, yaani umbo linalotokeza sentimita 8 hadi 15 tu kwenye bamba. Ni mwepesi, haubebi upepo, na kunguru hawapati pa kukaa. Ushauri wetu ni kwamba makanisa mengi ya Dar yangefaa kuanzia hapo, hata kama kamati huwa na ndoto ya sanamu kamili.

Ukubwa gani utaonekana vizuri kutoka chini?

Kateni kivuli cha sanamu kwenye boksi gumu au plaiwudi ya milimita 3, kipandisheni mahali penyewe kwa kamba, kisha simameni pale watu wengi watakaposimama: getini, kituo cha daladala, mlangoni. Kazi ya saa mbili, na inaokoa mabishano ya miezi.

Halafu pimeni pembe. Miguu ya sanamu ikiwa mita 4 juu ya ardhi, mtu aliye mita 6 kutoka ukutani anainua macho nyuzi 35 kuona kichwa. Akirudi hadi mita 12 ni nyuzi 19 tu. Pembe ikipita 30, sanamu yenye vipimo vya kawaida huonekana na miguu mirefu na kichwa kidogo. Dawa ni kurefusha kiwiliwili kwa karibu asilimia 10, kukuza kichwa kidogo, na kukiinamisha mbele nyuzi 5 hadi 10. Karakanani sanamu itaonekana ya ajabu, na mzee mmoja atalalamika. Msiikatae kabla hamjaitazama kutoka chini, ikiwa imeinuliwa.

Jua la Dar nalo lina mambo yake. Saa sita mchana huwa karibu utosini sehemu kubwa ya mwaka, hivyo kivuli cha paji la uso huziba macho. Mboni zitobolewe kwa kina cha milimita 10 hadi 15, na mikunjo ya vazi iwe mirefu kuingia ndani kuliko mnavyoona inafaa. Ukuta unaotazama mashariki hupata mwanga mzuri wa asubuhi, wakati wa ibada. Unaotazama kusini hupigwa na mvua za kusi, hukaa na unyevu na kuota ukungu mweusi haraka zaidi.

Nyenzo ipi inadumu hapa?

Adui ni chumvi ya bahari. Upepo huipeleka mbali kuliko watu wanavyodhani. Upanga, Masaki, Kigamboni na Mbezi Beach mtaiona kwenye grili za madirisha kabla ya kuiona kwenye sanamu.

Sanamu ya mita 1.8 iliyovaa kanzu ina uso wa karibu mita 3 za mraba. Ikiwa ya zege, tupu ndani, unene wa sentimita 6, inafika kilo 430. Ikiwa ya fibaglasi ya milimita 5 pamoja na fremu ndani, ni kilo 40 hadi 50. Shaba nyeusi ya milimita 5 au 6 huenda kilo 150 na zaidi. Ndiyo inayodumu kuliko zote, kama Mnara wa Askari pale katikati ya jiji ambao umesimama tangu 1927, lakini gharama yake huwashinda wengi.

Zege ni rahisi kupata na kutengeneza, na ndiyo inayoharibika vibaya zaidi ikikosewa. Sababu ni hesabu ndogo. Karibu na bahari, nondo ya kawaida inahitaji kufunikwa na zege angalau milimita 50 kila upande. Ganda la sentimita 6 lenye nondo katikati linaifunika milimita 25 tu. Chumvi inafika, nondo inashika kutu, kutu inachukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilicholiwa, na zege linapasuka kutoka ndani. Fundi ataambiwa alichanganya vibaya, kumbe kosa lilikuwa kwenye mchoro. Kwa hiyo ama ganda litumie nyuzi za glasi zinazostahimili saruji pamoja na wavu wa stenlesi, ama unene uongezwe hadi nondo zipate milimita 50. Vidole havipati unene huo kamwe. Ndani yake wekeni fito za stenlesi za milimita 4 hadi 6, au acheni bila chuma na viganja vishikane na vazi au kitabu.

Fibaglasi haiogopi chumvi, inaogopa jua. Tabaka la juu hugeuka unga mweupe baada ya miaka kadhaa na lazima lipakwe upya. Pia inashika moto: cheche za grenda au waya wa umeme uliolegea vinatosha.

Mbao? Angalia swali la wachongaji wa Mwenge hapa chini.

Mchanganyo wa zege uweje?

Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, daraja 42.5, una ujazo wa karibu lita 35. Kwa ganda la sanamu tumieni kipimo 1 kwa 2.5, yaani mfuko mmoja kwa ndoo nne na nusu za lita 20 za mchanga safi. Maji yasizidi lita 22 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa punguzeni. Fundi atataka kuongeza maji ili uji uingie kwenye mikunjo ya moldi. Mnunulieni dawa ya kulainisha zege badala yake. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na chumvi hupita humo.

Sanamu ya mfano wetu inakula mifuko miwili. Nunueni mitatu, kwa sababu kuna upotevu na kuna sampuli za kujaribu rangi.

Mchanga wa ufukweni hapana, hata ukioshwa na fundi anayeapa. Mchanga wa mtoni nao upimwe kwenye ndoo ya maji: ukiacha tope zito juu baada ya saa moja, uoshwe au urudishwe. Kokoto hazihitajiki kwenye ganda. Kwenye kitako na kibao cha kubebea, tumieni kokoto ngumu za Lugoba, si zile nyeupe za mawe ya matumbawe.

Baada ya kumwaga, funikeni kwa magunia yaliyolowa na nailoni kwa siku 14. Siku 7 ni kiwango cha chini kabisa. Ikianikwa juani siku ya pili, nyufa za nywele zitatokea mabegani na puani, na hazitaondoka.

Tunaifungaje ukutani?

Hapa ndipo pesa iende, hata kama uso utabaki na kasoro.

Sanamu nzito isining'inizwe kwa bolti. Ikae juu ya kibao cha zege kinachotoka kwenye lenta au nguzo, na bolti ziizuie tu isianguke mbele. Kama kibao hakipo na mnataka fremu ya chuma, fanyeni hesabu hii: kilo 430 zikikaa sentimita 35 kutoka ukutani, na bolti za juu ziko sentimita 40 juu ya zile za chini, bolti za juu zinavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 376, kila siku, kabla upepo haujavuma. Tofali haliwezi. Bolti za kutanuka kwenye tofali la saruji hulipasua, na zikishikwa na plasta tu huchomoka na kipande chake.

Kwa fibaglasi ya kilo 50, bolti nne za milimita 12, zilizozama milimita 110 ndani ya zege lenye nondo na kushikwa kwa gundi ya epoksi, zinatosha. Kosa la kawaida ni vumbi: tundu likishatobolewa lipulizwe, lipigwe brashi, lipulizwe tena, kisha gundi ijazwe kuanzia chini kuja juu. Gundi kwenye vumbi hukauka vizuri, ila haishiki kitu.

Bolti ziwe stenlesi daraja 316. Daraja 304 hutoa madoa ya rangi ya chai karibu na bahari. Sumaku haiwezi kuwatofautishia 304 na 316, kwa sababu zote mbili karibu haziivuti. Kinachozitenganisha ni molibdenamu, na iko dawa ya matone ya kuipima. Kama muuzaji hana cheti cha bidhaa wala hakubali kupimwa, nendeni duka jingine. Na stenlesi isigusane moja kwa moja na chuma cha mabati: wekeni washa za nailoni, la sivyo mabati yataliwa upesi.

Upepo wa Dar ni wa kuogopa?

Wa kawaida, hapana. Lakini kimbunga Hidaya kilipita jirani, Mafia, Mei 2024, na bolti haichagui siku. Upepo wa mita 30 kwa sekunde unasukuma kwa karibu nyutoni 550 kila mita ya mraba. Sanamu yetu, urefu mita 1.8 na upana sentimita 60, pamoja na nyongeza ya umbo, inapata msukumo wa karibu kilo 78. Kwa sanamu ya zege ni kidogo. Kwa fibaglasi ni zaidi ya uzito wake wote, na ndiyo maana nyepesi inahitaji kufungwa kwa uangalifu zaidi kuliko watu wanavyofikiri.

Vibali ni vipi?

Anzeni kwa uongozi wa kanisa ngazi ya juu, kisha halmashauri yenu: Jiji la Dar es Salaam kwa eneo la Ilala, au Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni. Peleka mchoro wa ukuta, uzito, na mahali pa bolti. Jengo likiwa la zamani katikati ya jiji, ulizeni kwanza idara ya serikali ya Mambo ya Kale kabla ya kutoboa chochote. Kazi ya juu iwe na jukwaa lenye ubao wa kukanyagia na kizuizi. Mirunda inakubalika ikifungwa na anayejua, lakini sanamu yenyewe inuliwe kwa chenibloki iliyoning'inizwa kwenye fremu yake, si kwenye mirunda ya jukwaa. Pandisheni asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka, na msipange kazi Aprili.

Zungumzeni na majirani pia, kupitia serikali ya mtaa. Mtaa wenye msikiti mkabala si tatizo. Taa ya kuangazia sanamu inayoingia vyumbani mwa watu saa nane usiku ndiyo huleta kesi.

Wachongaji wa Mwenge wanaweza kutufanyia?

Wanaweza, na wana mkono ambao karakana za moldi hazina. Ila mpingo ukiwekwa nje utapasuka: mbao yake nzito, zaidi ya kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, hukauka nje haraka kuliko ndani. Mvule na mninga hudumu zaidi, lakini chini ya paa la ukumbi tu, na kwa kuangalia mchwa.

Njia bora ni kuwapa kazi ya modeli. Mchongaji anachonga nakala ya sentimita 36, sawa na moja ya tano, kamati inaipitisha, kisha fundi anaikuza kwa udongo hadi mita 1.8 na kutoa moldi. Mtindo wa Ujamaa wa Kimakonde, watu waliobebana na kushikana, unafaa sana kwa mchongo wa ukutani wa kusanyiko la waumini. Ule wa Shetani, bila shaka, mwauacha Mwenge.

Maandishi ya chini yawe makubwa kiasi gani?

Milimita 25 za kimo kwa kila mita 3 za umbali. Msomaji akiwa mita 12, herufi ziwe milimita 100. "MIMI NDIMI MCHUNGAJI MWEMA" ina herufi 23 na nafasi 3. Kwa ukubwa huo inahitaji mita 2.1 za upana, yaani inapita kitako cha sanamu. Ama mgawanye mistari miwili, ama muandike "Yohana 10:11" tu. Herufi zichongwe kuingia ndani, kina cha milimita 6 au zaidi; za kubandika huanguka moja moja, na sentensi takatifu iliyopungukiwa herufi huwa kichekesho cha mtaa.

Rangi ipi?

Subirini siku 28. Tumieni rangi ya maji ya nje au ya silikati, inayoruhusu ukuta kupumua. Rangi ya mafuta hufunga unyevu ndani na kuvimba malengelenge. Msipake uso kwa rangi ya ngozi yenye kung'aa: mwaka wa kwanza unapendeza, wa tatu unatisha watoto. Rangi moja ya jiwe hukaa vizuri zaidi, na inaondoa ubishi wa rangi ya ngozi ya Yesu.

Kunguru tuwafanyeje?

Punguzeni mahali pa kutua. Kitabu kilichofunguliwa, mkono uliokunjwa na mabega mapana ndivyo viti vyao. Mteremko ukizidi nyuzi 45 hawakai. Waya mwembamba wa stenlesi, sentimita 5 juu ya sehemu tambarare, hauonekani kutoka chini. Kiota kikishaanza kiondoeni mapema, maana kunguru wa mjini hujenga hata kwa vipande vya waya, na waya huo ukilowa hutiririsha kutu usoni.

Usafi na ukaguzi?

Februari kabla ya masika, na Juni baada yake. Maji, sabuni laini, brashi ya nailoni. Jiki huacha chumvi, asidi ya vigae hula saruji, brashi ya waya huacha vipande vya chuma vinavyoota madoa. Zibueni matundu mawili ya milimita 12 yaliyo chini ya sanamu. Yasipokuwepo, yatobolewe, kwa sababu maji huingia hata kama hamjui yanapitia wapi. Chini ya kibao pawe na mfereji wa milimita 10 wa kudondoshea maji, la sivyo yatarudi ukutani na kuchora michirizi.

Gongeni polepole kwa nyundo ndogo ya mbao. Mlio wa utupu mahali palipokuwa pazima ni dalili kwamba zege limeachana na chuma.

Ufa umetokea. Tuuzibe kwa saruji?

Sio kabla ya kujua umetoka wapi. Ufa wa nywele usio na doa, wa zamani, unaweza kupakwa rangi tu. Ufa unaofuata mstari wa nondo, wenye doa la kahawia au unaozidi milimita 0.3, ni kutu. Ukizibwa kwa juu utafunguka baada ya msimu mmoja, mpana zaidi. Kateni zege hadi sentimita 2 nyuma ya nondo, kwenye urefu wote wenye kutu na kidogo kupita hapo, safisheni chuma hadi king'ae, kipakwe dawa ya kuzuia kutu, kisha jazeni kwa mota maalumu ya ukarabati. Nondo ikiwa imepungua unene kwa zaidi ya robo, mwiteni mhandisi. Mkono ukiwa umeshaanza kuning'inia, wekeni uzio wa mita 3 chini yake siku hiyohiyo, na waumini watumie mlango wa pembeni hadi ushushwe.

Mkataba na fundi uwe na nini?

Malipo kwa hatua: modeli, udongo wa ukubwa kamili, umwagaji, ufungaji, na sehemu ya mwisho baada ya masika ya kwanza kupita. Picha za fremu kabla haijafunikwa, zikiwa na rula pembeni. Moldi ibaki kwa nani. Bila moldi, kidole kilichovunjika kinachongwa upya kwa kukisia. Na hakimiliki: kununua sanamu si kununua haki ya kuinakili, kwa hiyo kama mnataka kuiweka kwenye kalenda na vitenge vya jubilei, andikeni hivyo na mchongaji aweke sahihi. Mwenye shaka aulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.